Dawa ya Asili na Asili ya Dawa

Miezi michache iliyopita nililetewa karatasi ya kurasa nne niifasiri. Ilikuwa ni mafunzo kwa wagonjwa, yameandikwa kwa Kiingereza, yakieleza namna mtu anavyoweza kuishusha lehemu iliyozidi katika damu yake. Ukurasa wa pili uligawanywa safu mbili. Ya kushoto ilikuwa na kichwa ambacho, kwa wepesi wa mkono, nilikifasiri “Kwa njia ya asili”; na ya kulia “Kwa dawa za daktari”. Kurasa tatu nilizimaliza kwa usiku mmoja. Vichwa hivyo viwili vilinikalisha wiki nzima, na mwisho wake nilivifuta vyote.

Msomaji aweza kuuliza: jarida la mashairi lina haja gani na lehemu? Nina majibu mawili. La kwanza ni kwamba jambo hili ni jambo la maneno, na maneno ndiyo mali yetu sisi tusomao na tuandikao humu. La pili ni kwamba neno moja, nililolitumia pasipo uangalifu, lilitoka kinywani mwangu likamfikia mtu nimpendaye, nami sitaki kulinyamazia. Nitalieleza mahali pake. Kwanza tuyatazame maneno yenyewe.

Lehemu ni neno ambalo mafundi bati wetu walilijua kabla ya madaktari. Ni ile madini laini ambayo fundi huiyeyusha kwa moto ili aunge bati kwa bati. Aliyelichukua neno hilo akalipa maana ya kitu kilichomo katika damu alifanya kazi njema ya ufasiri, kwani lehemu ya mwilini nayo si sumu, ni kiungo. Kila chembe hai ya mwili wa mwanadamu ina ukuta wake, na ukuta huo hauimariki bila ya lehemu. Kwayo mwili hutengeneza nyongo, na vitamini D, na homoni kadhaa zinazouendesha. Wala sehemu yake kubwa haitoki katika sahani. Ini lenyewe ndilo liitengenezalo. Ubaya wake ni ubaya wa kuzidi. Ile isafirishwayo katika vifurushi viitwavyo LDL, ikiwa nyingi kwa miaka mingi, hujipenyeza katika kuta za mishipa ikakaa huko, njia ikawa nyembamba. Na siku moja utando ulioifunika hupasuka, damu ikaganda juu yake, na moyo au ubongo ukakosa damu. Fundi akimwaga lehemu ndani ya bomba, hatushangai maji yakikatika.

Kuna sifa nyengine ya lehemu ambayo ndiyo hasa iliyolifanya jambo hili kuwa la kimaadili, si la kitabibu peke yake. Lehemu haiumi. Homa hubisha hodi, jino hupiga kelele, lakini mtu mwenye lehemu iliyozidi hulala na kuamka, hula na kucheka, wala hapati habari yoyote kutoka ndani ya mwili wake. Habari yake huipata kwa kipimo tu. Na pale ambapo mtu hana shahidi ila kipimo, ni rahisi sana kumsikiliza shahidi mwengine anayependeza zaidi, nayo ni nafsi yake mwenyewe.

Nafsi yangu niliisikiliza mwaka mzima. Nilipotimiza miaka hamsini nilipimwa, nikaambiwa LDL yangu ni 4.6 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Daktari aliniandikia vidonge, nami nikavitia katika mtoto wa meza. Nilijiambia kwamba mimi ni mwana wa visiwa hivi, nimezaliwa baina ya mkarafuu na mdalasini, sitatishwa na kitu ambacho bibi yangu hakukijua hata kwa jina. Nikaanza kutafuna thomu kila asubuhi. Nikanywa maji ya mdalasini, nikaramba asali yenye habbasoda, nikapunguza samli, na kila baada ya sala ya alfajiri nikawa natembea ufukweni mpaka jua lichomoze. Mwili ukawa mwepesi, usingizi ukatulia. Basi nikawa nasema kila barazani kwamba nimepona kwa njia ya asili.

Nilisema hivyo bila ya kupima.

Barazani hapo alikuwapo sahibu yangu mmoja, mshairi mwenzangu, ambaye tumetungiana na kujibizana kwa zaidi ya miaka ishirini. Yeye alikwisha kupata mshituko wa moyo, na kwa miaka mitatu alikuwa akivimeza vidonge vya aina ile ile niliyoandikiwa mimi, huku akilalamikia maumivu ya mapaja.

“Maalim,” aliniuliza, “kweli umepona?”

“Kweli, sahibu. Si unaniona?”

Akanitazama juu mpaka chini, akacheka. “Basi na mimi nitaviacha.”

Sikumwambia aviache. Sikumwambia pia asiviache. Nilifurahi, nikatabasamu, tukaendelea na kahawa. Miezi minane baadaye alipata kiharusi, mkono wake wa kulia ukalala.

Wiki ile ile nilikwenda kupima. Ilikuwa 4.3.

Tofauti ya 4.6 na 4.3 ndiyo thamani ya fahari yangu ya mwaka mmoja. Si sifuri, na sitaki kuidharau. Lakini haikuwa kupona, na mimi nilikuwa nimekwisha kuligawa neno “kupona” bure kwa kila aliyepita. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza neno “asili” lilinifanyia nini hata nikaliamini kuliko kipimo. Na kila nilivyolichunguza niliona kwamba ni neno lenye maana tatu ndani yake, nasi huzichanganya bila ya kujua.

Maana ya kwanza ni chanzo. Asili ya mto ni chemchemi yake. Sasa tuulize: vidonge hivi, ambavyo tumeviweka upande wa pili wa asili, chanzo chake ni kipi?

Akira Endo alizaliwa mwaka 1933 katika familia ya wakulima kaskazini mwa Japani, na tangu utotoni alivutiwa na uyoga na kuvu. Alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya dawa ya Sankyo, aliwaza hivi: kuvu hazina meno wala miguu, hujilinda kwa kutoa vitu vinavyowadhuru adui zake, huenda basi kuvu mojawapo hutoa kitu kinachomzuia adui asiweze kujitengenezea lehemu. Alijaribu maelfu ya aina za kuvu, moja baada ya moja. Mwaka 1973 alikipata alichokitafuta, na kuvu iliyokitoa ilikuwa imeota katika mchele wa duka moja la nafaka mjini Kyoto. Panya walipopewa kitu hicho hawakubadilika, na kazi ilikaribia kufa. Kuku watagao ndio waliomwokoa, kwani lehemu yao ilishuka. Watafiti wa Marekani nao wakapata kitu cha jamaa hiyo hiyo katika kuvu ya udongoni, na mwaka 1987 lovastatini ikawa ya kwanza ya dawa hizi kuidhinishwa nchini mwao. Jamaa nzima ya dawa hizo leo huitwa statini. Endo alifariki mwaka 2024, akiwa na miaka 90.

Kisa hicho kina mkia. Mwaka 1979 Endo huyo huyo alionesha kwamba kuvu ya jamaa ya ile inayotumika kutengeneza mchele mwekundu wa Kichina, ambao kwa karne nyingi umekuwa chakula na dawa, hutoa kitu ambacho ndicho lovastatini yenyewe, si ndugu yake. Kwa hiyo mtu anayekikataa kidonge kwa kuwa si cha asili, kisha akaenda kununua kopo la mchele mwekundu kwa kuwa ni wa asili, amekimbia mlango wa mbele akaingia wa nyuma wa nyumba ile ile. Tofauti ni kwamba kwenye kidonge amejua anameza kiasi gani. Na tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 2024, huko huko Japani, mamia ya watu walilazwa hospitali, wengi wao kwa maradhi ya figo, baada ya kutumia vidonge vya mchele mwekundu vilivyouzwa kama virutubishi. Ilionekana kwamba kuvu nyengine, isiyotakiwa, iliingia kiwandani ikatoa sumu yake. Nayo pia ilikuwa ya asili.

Sisi watu wa pwani tusingeshangazwa na haya lau tungelikumbuka malaria. Dawa mseto ambayo wengi wetu tumeimeza chanzo chake ni kichaka cha Kichina, nacho kilifikiwa na mtaalamu Tu Youyou baada ya kurejea vitabu vya kale vya tiba ya kwao. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba dawa mseto si ya asili. Kwa maana ya chanzo, basi, ukuta baina ya safu yangu ya kushoto na ya kulia haupo.

Maana ya pili ya asili ni nasaba. Tunapouliza “Asili yako wapi?” hatuulizi habari za majani, tunauliza habari za wazee. Na kwa maana hii neno linageuka likatuuma. Kwani wako watu, karibu mmoja katika kila 250 hadi 300, ambao wamerithi kwa baba au mama dosari inayolifanya ini lishindwe kuiondoa LDL katika damu kama inavyopasa. Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, ndio waliovigundua vile vishikio vilivyo juu ya ini ambavyo huidaka LDL inapopita, wakaonesha kwamba katika familia hizo vishikio ni pungufu au ni vibovu. Walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1985. Mtu wa namna hii huenda akawa mwembamba, mchapakazi, hagusi samli, na lehemu yake iko juu tangu siku aliyozaliwa. Ukimwambia aishushe kwa njia ya asili humtendei haki, kwa sababu asili yake ndiyo iliyoipandisha. Na ukimshuku kwamba anakula kwa siri umemdhulumu. Nimewasikia watu wakimsema marehemu aliyeanguka ghafula akiwa na miaka arubaini, kwamba “alipenda kula”. Wengine kati ya hao walikuwa na babu na baba walioanguka vivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kuzipima damu za watoto wao.

Maana ya tatu ndiyo tuipendayo zaidi: asili ni yale ya kale, mwenendo wa waliotutangulia. Hapa najua nitawaudhi baadhi ya wasomaji, kwa kuwa sina budi kuigusa nazi. Mafuta ya nazi, kiasi cha asilimia 80 hadi 90, ni ya aina ile iitwayo mafuta yaliyokolea, na aina hiyo hupandisha LDL. Mimi mwenyewe sijui wali usio na tui, na mchuzi wa papa bila ya nazi naona ni adhabu. Lakini penzi si hoja. Bibi yangu alipika kwa tui maisha yake yote, ni kweli. Na tui hilo alilikuna kwa mbuzi, akalikamua kwa mkono, likawa la nazi moja kwa watu wanane, akalila pamoja na muhogo na kisamvu na samaki wa siku ile, baada ya kwenda na kurudi shamba kwa miguu na mzigo kichwani. Mimi niliyerithi tui lake nimelirithi bila ya mzigo. Nimeongeza chipsi za jioni, na maandazi ya asubuhi, na gari la kunifikisha mahali ambapo yeye alipafika kwa nyayo. Kisha nakaa barazani nikisema nafuata asili. Katika mambo kumi ya asili tumebakisha yale mawili matamu.

Sitaki msomaji aelewe kwamba nalidharau jiko. Jiko lina nguvu kubwa kuliko wanavyokiri madaktari wengi, na ushahidi wake upo. Mwaka 2003 David Jenkins na wenzake wa Toronto, Kanada, waliwagawa watu 46 wenye lehemu nyingi katika makundi matatu kwa mwezi mmoja. Kundi moja lilipewa chakula chenye mafuta machache, LDL yao ikashuka kwa asilimia 8. La pili lilipewa chakula hicho hicho pamoja na lovastatini, ikashuka kwa karibu asilimia 31. La tatu halikupewa kidonge. Lilipewa mpango wa vyakula vilivyokusanywa kwa makusudi: shayiri, soya, lozi, siagi maalumu yenye viini vya mimea, na, jambo lililonifurahisha, bamia na bilingani. LDL yao ikashuka kwa karibu asilimia 29. Ule utelezi wa bamia ambao watoto wetu huukimbia huikamata nyongo tumboni ukatoka nayo, na ini likalazimika kuivuta lehemu kutoka katika damu ili litengeneze nyongo nyengine.

Nilipoisoma habari hiyo nilisimama kitini. Nikadhani nimepata wakili wa kunitetea mbele ya sahibu yangu. Lakini kazi ya mfasiri ni kusoma mpaka mwisho, nami nikaendelea. Mwezi ule wa Toronto watu walipewa chakula chao chote tayari. Mwaka 2011 watafiti hao hao walitangaza matokeo mengine: watu 351, miezi sita, na safari hii kila mtu alijipikia nyumbani kwake kwa kufuata ushauri. LDL ilishuka kwa karibu asilimia 13 au 14. Chakula ni kile kile; kilichobadilika ni mwanadamu, mwenye harusi za kuhudhuria, na wageni, na uchovu, na soko lisilo na lozi isipokuwa kwa bei ya dhahabu. Asilimia 13 ni neema. Kwa mtu ambaye hatari yake ni ndogo huenda ikamtosha. Kwa mtu aliyekwisha kupata mshituko wa moyo haitoshi.

Na yale makopo na chupa? Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Marekani lililowahusisha watu wapatao 190. Wengine walipewa statini kwa kipimo kidogo, wengine kidonge kitupu, na wengine mafuta ya samaki, au mdalasini, au thomu, au manjano, au viini vya mimea, au mchele mwekundu. Baada ya siku 28 LDL ya waliomeza statini ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya theluthi. Ya waliotumia vile vingine haikushuka kwa kiasi cha maana kuliko ya waliomeza kidonge kitupu. Niliusoma mstari wa thomu mara tatu.

Hata hivyo hoja nzito kabisa ya watu wa njia ya asili haimo katika vipimo hivi, nami nataka kuieleza kwa uadilifu kwa sababu niliiamini na kwa sehemu bado naiamini. Wao husema: mwenye kuishinda nafsi yake amekuwa mtu bora, na mwenye kumeza kidonge hakushinda kitu. Aliyezoea kufunga anajua kwamba katika kujinyima mna mwanga ambao haununuliwi dukani. Kidonge, wasema, humruhusu mlafi aendelee na ulafi wake, humfunga mtu kwa muuza dawa maisha yake yote, na humfundisha kwamba mwili ni mashine ya kutengenezwa na mwengine.

Kuna ukweli humo. Nimemwona mtu akila sahani ya pili ya biriani huku akipapasa mfuko wa shati lenye vidonge, kama aliyekata bima. Nimewaona pia madaktari wanaoandika kidonge kwa dakika mbili bila ya kumuuliza mgonjwa anakula nini wala anatembea kiasi gani. Hao nao wamezifuta safu zao, ila wamefuta ya kushoto. Na ingawa muda wa hataza za statini za mwanzo umekwisha, na viwanda vingi sasa huzitengeneza kwa bei ndogo, kidonge cha kila siku mpaka kufa si jambo dogo kwa mvuvi mwenye watoto saba.

Lakini hoja hiyo inachanganya vitu viwili: ubora wa mtu na wembamba wa njia katika mishipa yake. Kufunga kwangu kunaweza kuwa na ujira mkubwa, wala ujira huo usionekane katika LDL yangu. Mishipa haisomi nia. Na kumeza kidonge hakunizuii kujinyima. Aliye mlafi atakuwa mlafi kwa kidonge na bila ya kidonge. Nahodha mwenye mashine ndani ya jahazi lake haitwi mzembe kwa kuwa upepo ulipokufa aliiwasha. Huitwa mzembe yule aliyekataa kuiwasha, akakaa na abiria wake katikati ya mkondo akisifu uzuri wa tanga. Wahenga walisema ivushayo ni mbovu. Kivushacho watu aghalabu si kile walichokitamani, wala hakina haja ya kupendeza.

Kuhusu watu wa namna ya sahibu yangu, jibu lilipatikana zamani. Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa la nchi za Skandinavia. Wagonjwa 4,444, wote wana maradhi ya mishipa ya moyo, waligawiwa mafungu mawili yaliyo karibu sawa. Fungu moja likapewa simvastatini, jengine kidonge kitupu, wakafuatwa kwa zaidi ya miaka mitano. Katika waliomeza kidonge kitupu walikufa 256. Katika waliomeza simvastatini walikufa 182.

Nawaomba mzitazame hesabu hizo kama mtazamavyo beti, kila neno na uzito wake. Waliookoka kwa dawa ni kundi la watu sabini na kitu, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kujulikana kwa jina. Na 182 walikufa ingawa walimeza. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kuacha vidonge ndiko kulikomwangusha sahibu yangu. Huenda angeanguka angali anavimeza. Muda mrefu niliitumia hoja hiyo kama mto wa kulalia. Siku moja nikaona kwamba inanishitaki. Ikiwa hakuna awezaye kusema kuacha kulimdhuru, vilevile hakukuwa na awezaye kusema, kwa kuniona mimi nimesimama barazani, kwamba kuacha hakutamdhuru. Mtu mmoja mwenye afya si ushahidi. Nami nilijitoa kuwa ushahidi.

Na yale maumivu ya mapaja? Statini huweza kweli kuumiza misuli, na kwa wachache sana hudhuru vibaya. Pia huongeza kidogo hatari ya kisukari. Haya ni ya kuelezwa waziwazi. Lakini mwaka 2020 watafiti wa London walitangaza jaribio la watu 60 ambao wote waliwahi kuacha statini kwa sababu ya madhara waliyoyahisi. Walipewa chupa za mwaka mzima, moja kwa kila mwezi: nyengine zina statini, nyengine vidonge vitupu, nyengine hazina kitu, na kila siku waliandika taabu walizozihisi. Asilimia 90 ya taabu waliyoipata wakimeza statini waliipata pia wakimeza vidonge vitupu. Maumivu hayakuwa ya uongo, waliumwa kweli. Kilichowaumiza kwa sehemu kubwa ni khofu iliyokuja na kidonge. Nusu yao, walipooneshwa matokeo yao wenyewe, walirudi kutumia dawa. Sahibu yangu alihitaji mtu wa kukaa naye na khofu yake, amwambie arudi kwa daktari abadilishiwe aina au kipimo. Alinipata mimi, na mimi nilikuwa na shughuli ya kujisifu.

Haya ndiyo ninayoyaona kuwa kiini cha jambo. Swali si kipi bora, jiko au duka la dawa. Swali hilo halina jibu moja, kwani mwenye hatari ndogo, aliyekwisha kuugua, na aliyerithi dosari ni watu watatu mbalimbali. Swali la kimaadili ni hili: unapomshauri mwenzio juu ya mwili ambao si wako, umepima? Nia njema haipimi. Mapenzi kwa mila hayapimi. Na neno “asili” lina heshima kubwa kwetu, limebeba bibi na shamba na bahari, kwa hiyo laweza kumnyamazisha mtu kabla hajauliza. Neno lenye nguvu hiyo halifai kuachwa liranderande barazani.

Nimerudi katika karatasi yangu. Kichwa cha safu ya kushoto sasa ni “Kwa chakula na mwendo”, na cha kulia “Kwa vidonge”. Baina yake kulikuwa na neno dogo, “au”. Niliwaomba wenye karatasi waniruhusu niandike “na, inapobidi”, wakakubali. Chini kabisa niliongeza sentensi ambayo katika Kiingereza haikuwemo, nao wakaiacha: kwamba asiache mtu dawa kwa kumwona jirani yake amepona, na kila njia aliyoichagua ipimwe.

Mimi sasa natembea asubuhi, nala bamia, nameza kidonge usiku. Mara ya mwisho ilikuwa 2.5. Sahibu yangu naye amerudi kwenye vidonge vyake. Nilimsomea makala haya kabla ya kuyatuma, kwa kuwa yamo na ya kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono wa kushoto akaitaka kalamu. Mahali nilipoandika “Sikumwambia pia asiviache” alipiga mstari chini yake, taratibu, ukaenda mshazari. Akanirudishia karatasi, akasema, “Hiyo usiitoe.”